Binti hulindwa, kaka huachiwa

Tabora mjini, kijana wa kiume akianza kurudi nyumbani saa sita usiku, mama hunung'unika kidogo na baba hucheka: amekua huyo. Dada yake akikutwa saa moja jioni amesimama na mvulana chini ya mwembe, mashangazi huitwa mpaka kutoka Nzega.

Wanaotetea tofauti hiyo si wa kubezwa. Hoja yao nzito ni kwamba mimba haimfuati mvulana. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulikuta kwamba mkoani Tabora asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Mzazi wa Urambo au Sikonge anajua malipo ya tumbaku yakitoka ni wanaume gani watakaoanza kuzungukia njia za shule. Akimbana binti yake, hafanyi unafiki. Anaogopa, na mimi ningeogopa.

Ila gharama hiyo anayoiogopa si yote ya maumbile. Mpaka Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata mimba hakurudi tena kwenye darasa la shule ya serikali. Mvulana aliyempa mimba, kama hakujulikana au hakutajwa, alikaa kwenye dawati lake na kufanya mtihani. Kanuni ile iliandikwa na watu, na watu wakaja kuibadili.

Sheria zenyewe zina kigugumizi. Kanuni ya Adhabu inasema kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama ameridhia, isipokuwa awe na miaka 15 au zaidi na ni mke wa mhusika. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya baba, huku mvulana akisubiri 18. "Ndiyo" ya binti wa miaka 16 haihesabiki, na ni sawa, kwa kuwa ni mtoto. Lakini "ndiyo" ya baba yake, baada ya mahari, inaligeuza tendo lile lile kuwa halali. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo vya ndoa mwaka 2016 katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi na kuipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Mwaka ule mmoja ulipita bila marekebisho.

Huyo ni mtoto. Kwa mwanamke mzima mambo yanakuwa magumu zaidi, maana si kweli kwamba wazee wetu hawajui kuwa naye ana hamu. Katika familia za Kiswahili za mitaa kama Ng'ambo na Gongoni, kungwi humweleza mwali mambo ambayo mwalimu wa baiolojia angeyaruka. Fiqhi ya Kiislamu nayo humpa mke haki ya kuomba ndoa ivunjwe ikiwa mume hana uwezo wa tendo. Hamu yake inatambuliwa, basi, mradi iwe na mume. Hata hapo, sehemu kubwa ya mafunzo ni namna ya kumshika huyo mume asitoke.

Nje ya ndoa, muuguzi wa miaka 30 anayejilipia chumba huulizwa na mwenye nyumba yule mgeni wa jana ni nani. Kaka yake, mwenye mtoto Kitete na mwingine Ipuli, ndiye hutumwa kwenda kumwonya. Hapo sioni ulinzi wowote.

Wapo wanaosema dawa ni binti aachiwe kama kaka yake. Sikubaliani nao. Uhuru wa kaka unawezekana kwa sababu kuna msichana mahali fulani, na mama yake msichana huyo, wanaolea. Muuguzi aachwe na maisha yake. Anayestahili kubanwa ni kaka, tena mapema. Shida ni nani wa kumbana. Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitali, na mvulana hurudi na maelekezo ya kutunza kidonda na kujikinga na VVU. Kungwi hana somo la kumpa. Baba ukimuuliza, atakwambia hayo mtoto wa kiume hujifunzia mtaani.