Anayekodi mikarafuu na mwenye Manchester United

Sisi Wapemba tunamjua mtu anayekodi mikarafuu ya mwenzake kwa msimu mmoja. Si wote wabaya. Lakini yupo yule ambaye shamba si lake na mwakani huenda asirudi, basi wachumaji wake huvuta tawi mpaka likavunjika. Majamvi yanajaa, anauza, anakwenda zake. Mwenye shamba anabakia na mti uliokatika mikono, na itapita miaka kabla haujazaa tena kama zamani.

Kila nikiitazama Manchester United, timu niliyoipenda tangu niko skuli Wete, namuona mtu huyo.

Familia ya Glazer, matajiri wa Kimarekani, iliinunua klabu mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ya kukopa, na sehemu kubwa ya mkopo ikabebeshwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Siku moja nilimueleza habari hii mzee mmoja barazani, mtu aliyeishi kwa karafuu umri wake wote. Akaweka kikombe chake cha kahawa chini, akanitaka nirudie. "Yaani kalinunua shamba kwa kuliweka rehani shamba hilo hilo, na deni walilipe mikarafuu?" Ndivyo, mzee wangu. Ndivyo hasa.

Tangu hapo riba imekula mamia ya mamilioni ya pauni. Mwaka 2012 hisa zikaingizwa soko la New York, baadaye wenye hisa wakawa wanalipwa gawio, yaani fungu lao la faida, na wenye hisa wakubwa ni familia ile ile. Mei 2024, siku timu ilipofungwa na Arsenal nyumbani, mvua kubwa ilinyesha na maji yakaporomoka kutoka paa la Old Trafford kama bomba lililopasuka. Pesa zote zile zimepita hapo, na paa linavuja!

Najua nitakachojibiwa, maana nimekwishajibiwa mara nyingi: mbona wamenunua wachezaji kwa bei za kutisha? Kweli, wamenunua. Pogba mwaka 2016 kwa pauni milioni 89, Antony mwaka 2022 kwa zaidi ya milioni 80. Lakini pesa hizo zilichumwa na klabu, na swali langu ni nani alipewa kuzitumia. Kuanzia 2013 klabu iliendeshwa na Ed Woodward, mtu wa benki aliyeishauri familia hiyo wakati wa kununua. Mwaka 2018 aliwaambia wawekezaji kwamba matokeo ya uwanjani hayana athari kubwa kwa yale ambayo klabu inaweza kuyafanya kibiashara.

Neno hilo linaniuma mpaka leo, na linaniuma kwa sababu alikuwa anasema kweli. Duka likiniuzia unga wenye wadudu, kesho nakwenda duka jengine. Timu sihami. Mpwa wangu amezaliwa baada ya ubingwa wa mwisho wa ligi, ule wa 2013, hajauona hata mmoja, na Idi iliyopita aliniomba jezi nyekundu. Nilikwenda Chake nikamnunulia. Msimu wa 2024/25 timu ilimaliza nafasi ya 15, na banda tunalotazamia mpira lilijaa mpaka mechi ya mwisho. Huku kutohama kwetu ndiko wanakokuuza. Ndiyo rehani ya kweli ya lile deni.

Tajiri wa Kiingereza, Jim Ratcliffe, aliponunua zaidi ya robo ya klabu mwanzoni mwa 2024, nilipata matumaini. Mwaka huo huo wafanyakazi wapatao 250 walipunguzwa, na deni likabaki pale pale.

Mimi sipingi mtu kupata faida. Mpira una gharama na mwenye kuweka chake ana haki ya kuvuna. Wajerumani wana kanuni kwamba kwa kawaida wanachama wawe na zaidi ya nusu ya kura katika klabu yao, na klabu zao zinaishi. Hapa Tanzania, Simba ilipokubali mabadiliko, mwekezaji aliwekewa kikomo cha asilimia 49, wanachama wakabaki na 51. Watu waliibishania sana hesabu hiyo, mimi naiona ni ya busara.

Nayasema haya kwa sababu yatatufikia. Klabu za vikosi vya Serikali ya Zanzibar, kama KMKM na JKU, zina pa kuegemea. Za mtaani zinaishi kwa michango na kwa huruma za watu. Januari 2025 uwanja wetu wa Gombani ulipofurika watu, timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, ikaifunga Burkina Faso 2-1 na kuchukua Kombe la Mapinduzi, nililia kama mtoto, na kesho yake nikasikia watu wakisema Pemba sasa inauzika kimpira.

Mwenye pesa akija, namkaribisha. Ila kabla hajatoa shilingi ya kwanza, iandikwe kwamba alichokopa kununulia ni deni lake yeye na haliingii klabuni. Iandikwe kwamba wanachama wanabaki na 51. Halafu mkataba usomwe wote kwa sauti, mbele ya wanachama na wachezaji, kabla mtu yeyote hajashika kalamu kutia saini.