Nilivyotengeneza breki ya rili kwa mafuta ya nywele ya mke wangu

Jamani mi nina rili moja ya kuvulia, mtumba, niliinunua kwa jamaa alokuwa anahama, na miaka miwili yote ilinitii vizuri tu mpaka mwaka jana mwezi wa 6 ndo ikaanza visirani. Kwa wale wasiovua, rili ni kile kidude cha kuzungushia uzi kwenye fimbo, na ina breki, wenyewe wanaiita dregi. Samaki mkubwa akivuta, ile spuli yenye uzi inateleza kidogo kidogo, inampa uzi huku inamchosha, badala ya uzi kukatika. Sasa ya kwangu ilikuwa inagoma, inagoma, afu inaachia ghafla, inagoma tena, kama daladala yenye klachi mbovu inapanda kilima. Wiki moja nikapoteza kolekole wawili, na yule wa pili nilishamuona mpaka mgongo, nilishaanza kuwaza ndimu ziko wapi.

Mtu mwenye akili angepeleka kwa anayejua. Mi nikaangalia video ya dakika 4, tena bila sauti maana mtoto kalala, nikajiona fundi.

Jumamosi saa nane mchana nikatandika gazeti barazani. Ukifungua kile kifundo cha juu cha kukazia breki unakuta kiwaya chembamba kinabana kila kitu, chini yake washa, vile visahani vyenye tundu katikati, zimepangwa kama chapati kwenye hotpoti, ya kitambaa, ya chuma, ya kitambaa, ya chuma, ya kitambaa. Na hizo za chuma msidhani ni sawa, moja tundu lake lina pembe inakaa na ekseli haizunguki, nyingine ina masikio inazunguka na spuli, kitambaa katikati ndo kinasuguliwa. Ukichanganya mpangilio umeharibu. Hayo yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba nimechokonoa kiwaya kwa bisibisi, nikasikia "ting", basi, kiwaya hakipo.

Tukakitafuta nusu saa nzima mi na mwanangu wa miaka sita, yeye anatambaa chini ya viti na kila dakika anauliza "baba, kwani tunatafuta nini?" Kikaja kupatikana kwenye sufuria ya maharage aliyoloweka mama yake. Nikakitoa kimya kimya. Dogo akaniangalia, nikamwangalia, tukaelewana, ikanigharimu pakti ya biskuti.

Kurudi barazani nakuta paka wa jirani kajilaza juu ya gazeti analamba zile washa za kitambaa moja baada ya nyingine. Simlaumu, zilikuwa zinanuka samaki wa miaka miwili. Ila mpangilio wangu ndo ukaishia hapo, nikabaki nakisia.

Tatizo lenyewe lilikuwa chumvi. Washa zimepiga weupe, kitambaa kimekauka kama ukoko wa wali. Kumbe kila nikitoka baharini nilikuwa naipiga rili maji ya mpira kwa presha, najiona msafi, kumbe nasukuma chumvi yote iingie ndani. Nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikazianika zikakauka vizuri. Mpaka hapo nilikuwa sijakosea sana. Sasa ikabaki kuzilainisha. Grisi sina, ya fundi baiskeli nyeusi tii ina mchanga, mafuta ya kula yameisha. Macho yakatua kwenye meza ya vipodozi, nikaona chupa ya mafuta ya nazi. Nikawaza, mafuta ya pwani, samaki wa pwani, nani atalalamika? Nikamimina kwenye kibakuli, nikatumbukiza washa zote zikanywa mpaka zikashiba, yaliyobaki nikayarudisha kwenye chupa, mi sio mtu wa kupoteza vitu.

Nikaifunga, nikaipima. Uzi wangu ni wa kilo 8, na breki wanasema uifunge kwenye robo hivi ya nguvu ya uzi, kwa hiyo nikachukua pakti ya sembe ya kilo 2 nikaifunga kwenye uzi, nikainua fimbo. Wee! Sembe ikashuka taratibu, haishtuki, haisiti, kama bibi harusi anashuka kwenye gari. Nikamwita mama watoto aje aone. Akasimama mlangoni, akatazama, akauliza, "Huo si ndo unga wa jioni?" Akarudi ndani.

Kesho yake alfajiri tukatoka Kigamboni na mjomba. Mwezi wa 7 huo, kusi lilikuwa limepumzika kidogo ila baridi iko palepale, mjomba kavaa koti la mvua na kofia ya sufu. Yeye havui kwa fimbo, anavua kwa mshipi wa mkono kauviringisha kwenye kipande cha mti, na fimbo yangu anaiita "antena".

Jua halijatoka, chubwi, ile risasi ya kuzamisha chambo, haijakaa chini vizuri, fimbo ikainama mpaka ncha ikagusa maji. Nasubiri breki ilie, kimya. Nalegeza kifundo, kimya. Nalegeza mpaka kinataka kunibaki mkononi, spuli imeganda kama imepigwa zege, mi mwenyewe navutwa, mguu mmoja umeingia kwenye ndoo ya chambo. Uzi ukasema pwaa.

Mjomba hata hakugeuka. "Kaenda?"

"Kaenda."

Nikafungua ile breki. Ndani kweupe, kama mshumaa umeyeyuka ukaganda tena. Nikagusa, kikalainika kwenye kidole, nikanusa, ni nywele za mke wangu kabisa. Mafuta ya nazi bwana, ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda. Na mi nimeishi na yule mwanamke miaka tisa, kila kipupwe namuona anaweka chupa dirishani ipigwe jua kabla hajasuka, siku zote nilidhani ni mapambo.

"Iweke kwapani," mjomba akashauri. Nikadhani ananitania, kumbe hapana. Basi nikakaa na spuli kwapani karibu nusu saa, na mashua nyingine ikatupita karibu kabisa, wale vijana wakasalimia mjomba, mi wakaniangalia tu.

Kufika saa nne jua limewaka, sasa mafuta yameyeyuka mpaka yanachuruzika, uzi umelowa, suruali imelowa, kifundo kinateleza kama sabuni. Akaja samaki wa pili. Spuli zzzzzz, nashika kifundo nikaze, vidole vinateleza, nafuta kwenye shati, shati nalo lina mafuta, naweka kiganja kwenye spuli inaniunguza naachia, uzi unaisha tu naushuhudia kwa macho, mpaka likatokea lile fundo la mwisho kabisa, likasema tap, likaenda. Mita 150. Upepo ukanipulizia harufu ya saluni.

Mjomba wakati huo anaingiza changu wa tatu. Akaninyooshea kidole cha shahada, kina mfereji wa mshipi umechimbika kama umepigwa tupa, akasema, "Hii breki yangu haijafunguliwa tangu mwaka 78."

Nilivyorudi nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza vifaa vya uvuvi. Akacheka kwanza, tena sana, afu akaitoa mafuta yote, akapanga washa upya, akapaka grisi ya dregi kidogo sana, ile haigandi asubuhi wala haichuruziki mchana. Akaniambia ukitoka baharini kaza breki kwanza ndo uisuuze kwa maji ya kudondoshea, ikikauka ilegeze ndo uiweke, sio inalala imebanwa mwezi mzima.

Nikajua yameisha. Jumatano jioni nimekaa barazani najisugulia fimbo, mama watoto ndani anamsuka mdogo wake, nikasikia amenyamaza, afu sauti ikatoka taratibu sana:

"Baba nanii. Hili gamba la samaki limeingiaje kwenye mafuta yangu ya nywele?"

Nikamtazama dogo. Dogo akanitazama, afu akatazama pakti ya biskuti, tupu.

"Mama," akaanza, "na kwenye maharage pia."