Kisomeo changu hakijui WhatsApp

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo aliyeko Mwanza, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Dakika nzima ya kwanza ni shikamoo kaka, za siku nyingi, shemeji hajambo, watoto wanaendeleaje. Swali lenyewe lilikuja mwishoni kabisa, tena kwa haraka, kama mtu anayeomba nauli: amepata nafasi ya kusoma uzamili, ameweka akiba laki tano, sasa anunue Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, au tableti?

Alijua anamuuliza nani. Nakaa Kigamboni, kazi yangu iko Posta, na kwa miaka minne sasa navuka Magogoni asubuhi na jioni nikiwa na kidubwasha changu cha kijivu mkononi. Kuna muuza karanga pale kwenye pantoni ambaye mpaka leo ananiuliza kama nimeshakipeleka kwa fundi, maana yeye anaamini kioo kimekufa rangi.

Jina lake lenyewe halijatulia. Tableti tumeshaipatia neno, kishikwambi, na nadhani Sensa ya mwaka 2022 ndiyo iliyolitoa kwenye kamusi ikalipeleka mtaani: makarani walipita nyumba kwa nyumba navyo, kisha vikagawiwa walimu. Dada yangu ni mwalimu, chake anacho mpaka leo. Ila kile kifaa cha kusomea vitabu tu tunakiita Kindle hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine kama Kobo, kama ambavyo siagi yoyote ya dukani ni Blueband. Mimi nakiita kisomeo, na hakuna aliyenikataza.

Ukitaka kuona tofauti ya hivi viwili usiende dukani, dukani kuna kivuli na taa. Panda pantoni saa tatu asubuhi, jua limeshapanda na maji yanameta. Mwenye tableti ataongeza mwanga mpaka mwisho, atajikinga kwa kiganja, atageuka huku na huku, na bado atakachokiona vizuri ni sura yake mwenyewe. Mwanga wa kioo chake unashindana na jua, na jua halijawahi kushindwa. Kisomeo hakishindani. Kadiri jua linavyozidi ndivyo maandishi yanavyokolea, sawasawa na gazeti.

Siri iko ndani ya kioo. Kuna vidonge vidogo mno, unene wake kama wa unywele, na kila kimoja kimejaa chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji tofauti. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu au nyeupe zinapanda, herufi inajichora. Zikishapanda zinatulia hapohapo bila kuhitaji umeme wa kuzishikilia. Betri inafanya kazi unapofungua ukurasa mwingine, na ukisoma polepole kama mimi haifanyi kazi sana. Wino huu ulianzia kwenye maabara za chuo cha MIT kule Marekani, kampuni ya E Ink ikaundwa mwaka 1997, Sony wakauingiza sokoni Japani mwaka 2004, na Kindle ya kwanza ya Amazon ikatoka Novemba 2007. iPad ilipotoka mwaka 2010, wapo waliosema kisomeo kimekwisha. Waliosema hivyo hawakuwa wanasomea juani, na umeme wao ulikuwa haukatiki. Kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 tableti yetu ya nyumbani ilikuwa inazimika kabla ya taarifa ya habari. Mimi nilikuwa kitandani na kisomeo changu, kataa kake kadogo kanamulika ukurasa badala ya kunimulika machoni, na sikumbuki kukichaji zaidi ya mara mbili kwa mwezi mzima.

Hata hivyo, ninachokipendea zaidi ni umaskini wake. Hakina kingine cha kunipa. Kabla yake nilijaribu kusomea kwenye tableti karibu mwaka mzima. Niko ukurasa wa kumi na mbili, mpelelezi ndiyo kwanza anaingia chumba cha marehemu, mara kundi la harusi: "Wajumbe, tukumbushane ahadi zetu, muda umekwisha." Nafungua nione ni nani hawa wasiotoa. Nakuta jina langu. Natuma hela kuondoa aibu, naandika "nimetimiza", napongezwa na shangazi, nikiwa hapohapo naangalia bao la jana la Simba. Nikirudi kitabuni sikumbuki marehemu alikuwa nani. Watu waliniambia nizime arifa. Nilizima, nikawa nafungua mwenyewe kila baada ya dakika kumi kuhakikisha hakuna nilichokosa.

Kisomeo hakijui hata kama kuna harusi.

Kwa hiyo nilishika simu nimjibu kijana: nunua kisomeo, usipoteze hela. Bahati nzuri nikamwomba kwanza anitumie kitu kimoja alichoagizwa kusoma chuoni. Akatuma PDF. Sura ya kitabu imepigwa picha, kurasa mbili mbili kwa mkupuo, na pembeni kidole gumba cha aliyekuwa ameshikilia kitabu kisijifunge. Nikaiingiza kwenye kisomeo changu.

Karatasi ya A4 ukiipima kutoka kona hadi kona ni inchi 14 na ushee. Kisomeo changu ni inchi 6. Herufi ya saizi 12 inanywea mpaka kama saizi 5, yale maandishi ya kwenye karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Na hapo tunasema ukurasa mmoja, yeye anazo mbili kwenye picha moja. Riwaya iliyotengenezwa kama EPUB, faili la kitabu cha kielektroniki, haina taabu hiyo: unakuza herufi, mistari inajipanga upya kama maji yanavyofuata chombo. PDF ya picha haijipangi. Ukiikuza unasoma nusu ya mstari, unavuta kulia umalizie, unarudi kushoto kutafuta mstari wa pili, na kila ukivuta kioo kinawaza, kinapepesa, kinatulia. Nilijipima: ukurasa mmoja, dakika tisa. Kulikuwa na mchoro wa mistari mitatu, ufunguo wake unasema bluu ni mijini, nyekundu ni vijijini, kijani ni wastani. Kwangu mistari yote mitatu ilikuwa kijivu.

Najua visomeo vya inchi 10 vipo, na vya rangi vimeanza kuingia. Ila laki tano sidhani kama inamfikisha kwenye cha inchi 10 kipya.

Halafu uzamili si kusoma tu. Kuna kuandika maoni pembeni, kunakili nukuu, kufungua rasimu aliyoirudisha msimamizi ikiwa imejaa alama nyekundu, kuingia darasani kwa Zoom. Nilijikuta naitetea tableti, kitu ambacho sijawahi kukifanya hadharani. Ni nzito, kweli: kisomeo cha inchi 6 hakifiki gramu 200, tableti ya inchi 10 inakaribia nusu kilo, na ukilala chali nayo ikakuponyoka utajua pua yako iko wapi. Lakini atasomea mezani, na meza haichoki.

Kuna jingine linaloniuma mimi kuliko hilo. Kisomeo changu kina vitabu sitini na kitu. Vya Kiswahili ni vinne. Si kwamba sisomi Kiswahili. Rafu ya sebuleni imejaa, vingi nimevinunua mitumba pale chini kwenye njia za Posta, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Riwaya na diwani tulizokua nazo sizikuti zikiuzwa kama EPUB, na ninazozikuta ni zile PDF za kidole gumba, zinazozunguka kwenye makundi bila mwandishi kupata hata thumuni. Wachapishaji wetu wengine nimewasikia wakisema wanaogopa kuibiwa wakiuza kidijitali. Mbona wameshaibiwa? Tofauti ni kwamba sisi tulio tayari kulipa hatuna pa kulipia. Mtu anayesoma Kiswahili peke yake simshauri kisomeo kwa sasa. Atakuwa amenunua sahani nzuri, ubwabwa hakuna. Kwa watoto ndiyo kabisa: hadithi za bure za Kiswahili za African Storybook zina picha za rangi, na mwanangu wa miaka sita alipoziona kwenye kisomeo aliuliza kwa nini tembo amepakwa majivu.

Na kikiharibika? Jirani yangu alikalia chake kwenye daladala, kioo kikapasuka kwa ndani, nusu ya ukurasa ikabaki na mistari myeusi. Tulikwenda naye Kariakoo, kule ambako kioo cha tableti unakibadilisha ukiwa unakunywa soda. Fundi alikigeuza mara mbili, akakigonga kwa ukucha, akatuuliza: "Kwani hii ni kalkuleta?" Kipo mpaka leo kwenye kabati la jirani, kimeganda ukurasa wa 203.

Basi nilimjibu. Nilimwambia: mdogo wangu, kama vitabu vyako ni vya hadithi, unasoma Kiingereza, na unasafiri juani, ningekukopesha hata hela uongezee ununue kisomeo. Lakini wewe unakwenda kusoma PDF za watu. Tafuta tableti ya inchi 10, hata iliyotumika, ikague betri kabla hujatoa hela, na ukisoma kaa mezani. Kisomeo utanunua siku ukihitimu. Akashukuru kwa dakika nyingine mbili.

Ameshainunua. Alinitumia picha: tableti mezani, kikombe cha chai pembeni, sura ya kwanza imefunguliwa, kidole gumba cha yule mtu kinaonekana vizuri kabisa na kucha yake. Nikafurahi.

Juzi saa tano usiku nilichungulia kwenye kundi la harusi, kwa simu, nikamkuta yuko hewani anabishana na mabinamu kuhusu rangi ya sare. Sikumuuliza sura ya pili ameifikisha wapi.