Nusu Mwaka Mshahara, Nusu Mwaka Mchele

Jamani, miaka tisa nimeajiriwa, kodi sijawahi kuiona kwa macho. Nilikuwa naisikia tu kama treni ya TAZARA usiku: imepita, nimegeuka upande wa pili, nimelala. Kwenye karatasi mshahara unasoma 700,000, ukifika benki umekonda. NSSF, wale wa mfuko wa pensheni, wamebeba 70,000, PAYE, yaani kodi ya mshahara, imebeba 42,000, mimi nakuta kilichobaki nasema Mungu mwema.

Mwisho wa Juni mwaka jana nikaacha kazi. Niliacha, sikufukuzwa, na wale wa kijiweni Mafiati, hapa Mbeya, wanaosema vingine wanajulikana. Nikaingia kwenye mchele: nafuata mzigo Ubaruku, nauza sokoni Mwanjelwa. Nikaenda kukadiriwa kodi kama mwanaume mwenye biashara yake, nikalipa 25,000 Septemba na 25,000 Desemba.

Sasa hapo ndipo nilipoijua kodi. Ile 42,000 ilikuwa inaondoka kila mwezi bila hata kuniaga, wala sikuwahi kuumwa kichwa. Hii 25,000 nilipewa kontrol namba, tarakimu 12, nikaziingiza kwenye simu moja moja, nikafika kwenye namba ya siri kidole kikagoma. Mama watoto akaniuliza kama kuna msiba.

Nikadhani yameisha. Juni hii, kibaridi cha Mbeya kimeshika mpaka kwenye goti, akaja mpwa wangu aliyesomea uhasibu. Nikamringia kwamba mimi na serikali tumemalizana.

"Mjomba, umejaza ritani, ile fomu ya kipato chako cha mwaka mzima?"

"Ritani ya nini tena? Si nililipa?"

Akaweka kikombe cha chai chini, nikajua kumekucha. Akaniambia mwaka wa kodi unaanza Januari unaisha Desemba, haujali nimeacha kazi lini. Lile jedwali la wafanyabiashara wadogo nililokadiriwa nalo, linaloangalia mauzo tu, ni la mtu ambaye mwaka mzima kipato chake ni biashara peke yake. Mimi mwaka jana nilikuwa na mguu mmoja ofisini, mwingine sokoni. Kwa hiyo mshahara wa miezi sita na faida ya mchele vinapikwa chungu kimoja, na mwisho ni tarehe 30 Juni.

"Yaani natozwa mara mbili?"

"Leta daftari, Mjomba."

Daftari! Hesabu zangu anaandika mama watoto kwenye kaunta buku ambayo kurasa za mbele ni za mchango wa harusi ya mdogo wake. Tukaifungua mezani, punje za mchele zikadondoka. Ukurasa wa Agosti una alama ya parachichi, pale palipoandikwa mauzo ya wiki nzima. Mpwa wangu akauinua kwenye taa kama anayekagua noti bandia.

Mauzo yakasoma 9,200,000. Nikaona mwenyewe nikatamani kumwomba mkopo huyo mtu. Tukaingia kwenye gharama. Mchele wenyewe, sawa. Nauli ya mzigo, magunia, pango la kibanda, mlinzi, sawa.

"Rambirambi Tukuyu, 30,000. Hii siyo gharama ya biashara."

"Pale msibani nilipata wateja watatu!"

"Viatu vya shule?"

"Mtoto ananisaidia kupima kilo."

"Kitimoto, Ijumaa, 12,000."

Hapo mama watoto akainua uso. Nikasema hiyo tuiache, tusiisumbue serikali kwa vitu vidogo.

Kwa hesabu zangu faida ilikuwa kama 600,000. Yeye alipomaliza kufuta ikawa 1,500,000. Sijawahi kutajirika haraka hivyo, na sijawahi kuumia hivyo. Akachukua mshahara wa miezi sita ukishatoa NSSF, 3,780,000, akajumlisha. Jumla 5,280,000. Nikashika kichwa. Nikaanza kuhesabu magunia yaliyobaki stoo, nikafikiria hata kumpigia bosi wa zamani nimuulize kama kiti changu bado kina mtu.

Mpwa wangu anabonyeza kikokotoo, anakunywa chai, anabonyeza tena. Hawa waliosomea uhasibu hawana huruma na moyo wa mtu.

"Mjomba, kwa mwaka 3,240,000 ya kwanza haina kodi. Inayozidi hapo, kwa kipato chako, ni asilimia 8. Kodi yako yote ni 163,200."

"Nitaitoa wapi mimi?"

"Umeshaitoa. PAYE ya miezi sita ni 252,000. Ongeza ile 50,000 yako. Umelipa 302,000."

Anasema kila mwezi nilikuwa nakatwa kama mtu atakayepata mshahara ule miezi yote 12, na mimi nikaishia wa sita. Kwa hiyo nimezidisha 138,800.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie kwa sauti, majirani wa mtaa wetu wa Soweto wasikie. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuidai serikali!

Ila kuna kikwazo. Inatakiwa hati kutoka kwa mwajiri wa zamani inayoonyesha kodi niliyokatwa. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza mwenye faili yuko likizo. Mara ya pili karudi, ufunguo wa kabati uko likizo. Mara ya tatu nikaulizwa, "Kwani wewe bado upo kwetu?" Nimebeba kilo tano za mchele safari ya nne, siyo rushwa, ni salamu, na mpwa wangu ameshaniambia hizo nazo siyo gharama ya biashara.

Jioni nikafungua kaunta buku niangalie nani hajalipa mwezi huu. Mama watoto ameshaandika, kwa peni nyekundu:

Fundi pikipiki, kilo 3.
Mama wa maandazi, kilo 10, kalipa nusu.
Serikali, 138,800. Akumbushwe.