Tezi ni ile ile, lakini Amu si London

Sisi wa ughaibuni tuna tabia ya kuwaandikia dawa watu wa nyumbani kwa simu. Khalati yangu wa Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), alikonda ghafla, mikono ikamtetemeka, moyo ukaenda mbio. Mtaa ukasema kijicho, akanyweshwa kombe. Kupimwa, kumbe ni ugonjwa wa Graves: kinga ya mwili inaisukuma tezi ya shingo imwage homoni kupita kiasi. Tangu hapo ndugu zangu wa huku hawamwachi apumue. Nenda Nairobi, wanamwambia, ukanywe iodini yenye mionzi iiunguze tezi, umalize kazi.

Mimi niliinywa, wala sijuti. Tangu 2019 mwongozo wa Uingereza unaitanguliza kwa wagonjwa wengi wa Graves, isipokuwa wale ambao vidonge vinatarajiwa kuwatuliza. Lakini tusisahau tulivyoinywa. Teksi hadi mlangoni, kisha wiki kadhaa za kujitenga na watoto na wajawazito kwa ajili ya mionzi. London kukaa peke yako si adhabu, ndiyo maisha. Jirani yangu hakujua lolote. Khalati atajitenga wapi? Wajukuu wanalala naye kitanda kimoja, na mgeni wa Amu hupiga hodi keshavuka daka. Na kabla ya hapo kuna safari ya kurudi: basi la masaa na masaa hadi Mokowe, amebanana na mama mwenye kichanga, halafu boti.

Tezi ikishaungua, aghalabu hulala moja kwa moja, ukawa mtu wa livothairoksini, kidonge cha kufidia homoni ya tezi, hadi kaburini. Mimi napewa bure. Yeye atainunua mwezi kwa mwezi, na siku ikiadimika kisiwani hana tezi ya kumfaa.

Tena macho yake yameanza kutoka. Iodini yaweza kuyazidisha, na katika hao washauri wote hakuna aliyemuuliza habari ya macho!

Daktari wake amemwanzishia kabimazoli ya kupunguza homoni ya tezi, na propranololi ya kutuliza moyo. Naona amefanya la busara. Kabimazoli humezwa mwaka hadi mwaka na nusu. Karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa huwarudia, lakini wapo wanaoendelea na dozi ndogo miaka mingi. Hatari yake kubwa ni chembe nyeupe za damu kuporomoka. Huwapata wachache sana, ila akishikwa na homa na koo likimuuma, aache kidonge akapimwe damu siku hiyo hiyo. Hilo ndilo la kumkumbusha kila tukimpigia. Upasuaji nao upo, hasa tezi ikivimba sana, lakini utafutiwe mpasuaji mzoefu, maana mshipa wa sauti uko pale pale.

Basi hizo pesa za Nairobi tuzitume kwa vipimo na vidonge. Na mwenye ubavu wa kushauri amkabili mume wa khalati, aache kuvuta sigara mle ndani, kwani moshi huyachochea macho ya Graves. Naona hapo kundi zima limenyamaza.