Weka Chini Hilo Kopo la Rangi

Kinachoua baiskeli za mlimani za zamani hapa Dar si kutu. Kutu tumeizoea; ukikaa Kigamboni au Msasani, hata bawaba za mlango haziponi. Kinachoziua ni kopo la rangi ya kupuliza. Najua wauzaji wa mtumba hawatapenda kusikia hili, na baadhi yao ni washkaji zangu, lakini ngoja niseme.

Kontena likifunguliwa, nyingi zinazoshuka ni zile baiskeli za Kijapani za kikapu mbele, pamoja na za watoto. Mara mojamoja, katikati ya rundo, imo fremu nyembamba ya chuma ya miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990: Miyata, Specialized, Raleigh, Giant, Trek. Muuzaji anaona mikwaruzo tu. Wateja wake wanataka kitu kinachong'aa, basi kijana anakabidhiwa kopo la nyekundu au bluu, na muda si mrefu kila kitu kimekuwa rangi moja: fremu, nati, vibandiko, nyaya za breki, na siku nyingine mpaka cheni. Jioni imeshapata mtu.

Muuzaji simlaumu sana, yeye anatafuta ugali. Nawalaumu wenzangu tunaojiita wapenzi wa hizi baiskeli. Mtu anapata fremu nzuri kwa bei ya kutupa, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuipeleka kwa wapiga rangi wa magari. Halafu anaweka picha za kabla na baada, watu wanampigia makofi. Mimi nikiziona naumia, maana ya kabla ndiyo ilikuwa nzuri.

Rangi ya kiwandani ilichomwa kwenye tanuri ikashikana na chuma. Imeshavumilia miaka zaidi ya thelathini ya mvua za watu wengine. Ya kopo, kwa jua letu na hewa ya chumvi, ukifika masika inaanza kuvimba na kubanduka kama ngozi ya nyoka. Hilo ni dogo. Kubwa ni kile inachokificha. Fremu iliyowahi kugonga ukuta huacha tuta dogo chini ya bomba la chini, karibu na kichwa cha usukani, na rangi ya zamani hupasuka pale pale ikakuonyesha. Pitisha kidole utalihisi. Ikishapulizwa tabaka mbili tatu, ufa unazibwa, tuta linalainishwa, na wewe unashuka nalo mteremko wa Pugu ukiwa unaimba.

Vibandiko navyo si urembo. Kile kidogo kilichobandikwa kwenye bomba la siti ndicho kinachokwambia kama chuma ni Tange Prestige, yaani bomba jepesi la Kijapani la kromoli (chuma kilichochanganywa kromu na molibdeni), au ni chuma cha kawaida kama cha Phoenix. Namba iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali mara nyingi ndiyo inayosaidia kujua mwaka wake. Vyote viwili kopo linavifunika. Halafu watu wanabishana barazani baiskeli ni ya mwaka gani, wakati jibu liko chini ya rangi waliyoilipia wenyewe.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kwenye uchakavu. Vijana wa Marin, California, miaka ya 1970, walikuwa wanaokota baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, kwa sababu fremu zile ndizo zilizostahimili mawe ya Mlima Tamalpais. Breki ilikuwa ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na kwenye mteremko habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi. Kila wakishuka ilibidi waifungue na kuijaza grisi mpya, na mbio walizoanzisha mwaka 1976 wakaziita Repack, yaani "jaza upya", kwa sababu hiyo. Mwaka uliofuata Joe Breeze akaunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuziuza, fremu zikiundwa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 Specialized wakaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, na moja ya hizo leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Wenzetu wameiweka kwenye makumbusho, sisi tunazipaka dada zake bluu ya geti.

Vipuri ndiyo usiseme. Hapa ndipo kopo linapoleta hasara ambayo hairudi, kwa sababu kipuri kikishapulizwa hakitazamwi tena kama kipuri, kinatazamwa kama takataka. Nimeshaona gia ya nyuma ya SunTour, kampuni ya vipuri ya Kijapani kama Shimano, imegandishwa na rangi mpaka springi haifanyi kazi, ikavuliwa, ikawekwa ya plastiki. Ile ya zamani ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, na alumini ya hapa mjini mwisho wake unajulikana: inayeyushwa kuwa sufuria. Yupo mama huko Buguruni anapikia maharage ndani ya Shimano XT na hana habari.

SunTour hao si watu wa mchezo. Mwaka 1964 walibuni ile gia ya nyuma inayosogea kwa kufuata mshazari, ikawa inakaa karibu na friwili, yale meno ya nyuma, wakati wote na kubadili vizuri kuliko za wengine. Hataza yao, yaani haki ya ubunifu huo, ilipokwisha mwaka 1984, Shimano wakalichukua umbo lile lile, wakaongeza gia za kubofya zinazolia "kwa, kwa" kila namba, na soko likawahama SunTour. Karibu kila gia ya nyuma unayoiona leo mjini ina umbo lile. Kwa hiyo ukikuta SunTour nzima kwenye baiskeli ya mtumba, chonde, usiitupe. Na zile gia za kusukuma kwa kidole gumba pale usukani, zisizo na mlio, ndizo zinazotufaa kuliko zote: hazijali friwili ni ya meno mangapi wala ya kampuni gani. Unasukuma, unasikiliza cheni, imetulia, basi. Kwa mji ambao spea unachukua iliyopo na si uliyotaka, hiyo ni neema.

Nikumbushe pia habari ya Biopace, yale meno ya mbele ya Shimano ya miaka ya 1980 yaliyotengenezwa yasiwe duara makusudi. Ukimpelekea fundi asiyeyajua, anazungusha pedali, anaona yanacheza juu chini, anakwambia, "Bosi, hii imepinda," na anaitafuta nyundo. Wahi kumshika mkono.

Ninapoikuta fremu imeshapulizwa, sikati tamaa. Rangi ya kopo ni laini kwa thina, ya kiwandani mara nyingi ni ngumu. Chukua kitambaa cha pamba, kilowanishe kidogo tu, futa sehemu ndogo mara moja kisha geuza upande msafi. Usiloweke, wala usisugue kama unaosha masufuria. Kwanza inatoka ya juu, nyekundu. Wakati mwingine chini yake kuna ya pili, ya mtu wa kabla. Halafu ghafla kitambaa kinaacha kuchafuka, na hapo unaona kijani iliyokolea yenye vumbi la fedha ndani yake, na ncha ya herufi ya T. Ukifika hapo acha thina kabisa, endelea kwa maji ya sabuni na kucha. Kazi hiyo ifanyie uani penye hewa, na uvae glavu.

Bomba linaloshika siti, lile linaloingia ndani ya fremu, nalo lina kesi yake. Likiwa la alumini ndani ya fremu ya chuma, kwa hewa yetu ya bahari vinashikana kama vimechomelewa. Ukipuliza rangi juu yake unaziba ule mwanya mwembamba ambao oili ingepitia. Fundi anakuja na spana ya bomba, ananing'inia, linakatikia ndani. Chana kwanza rangi kuzunguka mwanya kwa ncha ya kisu. Kisha toa ekseli ya pedali, geuza fremu miguu juu, mimina oili ya kulegeza kutu kupitia huko chini ili ishuke yenyewe hadi kwenye bomba. Iache siku kadhaa, ukiongeza. Haraka ya nini?

Mengine ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Habu za zamani ni gololi, koni na grisi. Spana nyembamba ndiyo ya kutafuta, gololi Kariakoo zimejaa. Kromu iliyoota kutu isugue kwa karatasi ya foili na siki, au ndimu. Ndani ya mabomba zungusha oili chafu kidogo, kwa sababu chuma huoza kuanzia ndani. Tairi za inchi 26 kwetu bado ziko kila duka, wakati Ulaya soko limehamia 29. Ila angalia: baiskeli za kikapu za Kijapani nazo nyingi zinaandikwa 26, na haziingiliani na za mlimani. Soma namba ya milimita pembeni mwa tairi. Ya mlimani ni 559, ile nyingine ni 590.

Sisemi kila fremu ni mali ya makumbusho. Zipo zilizovuliwa rangi mpaka chuma kitupu, zikaanza kuliwa na kutu. Hizo pakeni, ila zisuguliwe vizuri kwa msasa, na uzi wa nati uzibwe kwa karatasi kwanza. Na za kubebea maji na mkaa pakeni mnavyotaka, zile ni za kazi. Ninayoitetea ni ile yenye rangi yake, hata kama imechubuka nusu.

Kwa michubuko yenyewe, dawa iko Kariakoo kwenye maduka ya vipodozi. Rangi ya kucha. Zipo za kila namna, hata ile kijani ya vumbi la fedha, zinakuja na brashi yake ndogo, na zinakauka ukiwa umesimama. Dada wa dukani akikuuliza shemeji anapenda ipi, mwonyeshe picha ya fremu.