Urafiki mmoja, rekodi moja

Watumiaji wawili wa programu ya simu wakiwa marafiki, uhusiano wao huwekwa kwenye jedwali la kuunganisha lenye safuwima mbili, zote zikirejelea jedwali lilelile la watumiaji. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama tuandike rekodi moja, au mbili: ya A kwenda B na ya B kwenda A.

Wengi huandika mbili, na wana sababu. Kwenye Android, maktaba ya Room, inayosimamia hifadhidata ya SQLite ndani ya simu, husoma uhusiano wa @Junction (alama ya kutaja jedwali la kuunganisha) kwa mwelekeo mmoja tu, hivyo ukiandika pande zote mbili orodha ya marafiki hupatikana bila SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ya ziada. Pia kila upande hubeba mambo yake, kama jina la utani au kunyamazisha arifa. Na kama programu yako ni ya kufuata, ambapo A anamfuata B bila B kumfuata A, mwelekeo ni sehemu ya ukweli wenyewe.

Urafiki wa kukubaliana hauna mwelekeo. Ukiuandika mara mbili, umejipa kazi ya kulinda nakala mbili zisipingane, na ulinzi huo ndio unaovuja. Ni kweli, muamala mmoja wa SQLite, yaani maandishi kadhaa yanayofanywa kama kitendo kimoja, huhakikisha rekodi zote mbili zinaingia au zote zinakosa. Lakini ni lazima kila njia ya kuandika ikumbuke hivyo: kitufe cha kukubali ombi, usawazishaji na seva, uhamishaji wa toleo la hifadhidata, na hasa ufutaji. Agizo la kufuta urafiki wa A na B likigusa rekodi moja, A haoni tena urafiki huku B bado anauona. Ufunguo wa nje wa kawaida, yaani rejeleo la jedwali la watumiaji, hausemi kitu, kwa sababu hukagua tu kwamba watumiaji wapo. Hakuna kosa linalorushwa wala programu haianguki. Data imeharibika kimya kimya, na usawazishaji unaofuata unaweza kuupeleka uharibifu huo hadi seva.

Jozi iliyopangwa, yaani rekodi moja kwa kila urafiki, huziba mwanya huo ndani ya hifadhidata yenyewe. Kitambulisho kidogo kinakaa safuwima a, kikubwa b. Ufunguo msingi, usioruhusu rekodi kujirudia, ni a na b pamoja. Sharti la CHECK linadai a < b, hivyo hata mtu kujifanya rafiki wa nafsi yake linakataa. Room haina anotesheni ya CHECK, kwa hiyo tumia triga mbili (kanuni ambazo hifadhidata huziendesha yenyewe data inapoandikwa), ya INSERT (kuingiza) na ya UPDATE (kubadilisha). Kwa waliokwisha kusakinisha programu, ziundwe ndani ya uhamishaji, maana onCreate, inayoitwa hifadhidata inapoundwa mara ya kwanza, haitaitwa tena kwao.

Gharama ni swali refu kidogo linalounganisha pande mbili, hapa kwa ufupi bila FROM: SELECT b WHERE a = :id, UNION ALL, SELECT a WHERE b = :id. Weka faharasa (ya kuharakisha utafutaji) kwenye b, kwa kuwa ufunguo msingi husaidia utafutaji wa a tu.

Udhaifu wake halisi ni vitambulisho vya muda, ambavyo simu hutumia hadi seva itoe vya kudumu. Jozi ya -7 na 12 ni sawa, ila seva ikibadilisha -7 kuwa 40, mpangilio umepinduka. Dawa ni UUID, kitambulisho kirefu cha kipekee, inayotengenezwa simuni na isiyobadilika, ikihifadhiwa kwa herufi ndogo kila mahali: iOS hutoa uuidString kwa herufi kubwa, Java kwa ndogo, na SQLite kwa kawaida huzilinganisha kama maandishi tofauti.